Nani Anatunza Namba? Aina za Ujumbe Zinazoundwa Programu Ikiwa Kazini

Baiti tatu zimefika kupitia mtandao: 8, 150 na 1. Programu iliyozipokea inajua kwamba zimefungashwa kwa Protocol Buffers, mfumo ambao Google walianza kuutumia ndani kwa ndani mwaka 2001 kwa mawasiliano ya seva zao za faharasa, kisha wakautoa hadharani mwaka 2008. Baiti ya kwanza inasema mambo mawili kwa mpigo: namba ya uga ni 1, na kinachofuata ni namba nzima yenye urefu unaobadilika. Baiti mbili zilizobaki zikiunganishwa zinatoa 150. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza hiyo 150 ni ya nini. Kama uga ulitangazwa kuwa int32, jibu ni 150. Kama ulitangazwa kuwa sint32, ambayo huzipanga namba hasi na chanya kwa kupishana, jibu ni 75. Kama ni bool, jibu ni ndiyo. Na kama ni orodha ya machaguo, basi ni chaguo namba 150, liwe lolote liwalo.

Ndani ya baiti hizo hamna jina la uga wala aina yake kamili. Ni sawa na mtangazaji wa mpira anayeona namba 10 mgongoni mwa mchezaji: bila orodha ya kikosi hawezi kusema ni nani, na akishika orodha ya timu nyingine atamtaja mtu ambaye hayupo uwanjani. Orodha hiyo kwenye Protocol Buffers ni faili la .proto. Kwa kawaida mprogramu huliandika, hulipitisha kwenye kompaila iitwayo protoc, na kupata msimbo wa lugha anayoitumia. Programu yake huanza kazi ikiwa tayari inazijua aina zote za ujumbe itakazokutana nazo.

Tatizo ni pale isipozijua, na hali hiyo si ya nadra. Chombo cha kuchungulia jumbe zinazopita kati ya huduma nyingi za kampuni hakiwezi kujengwa upya kila timu moja inapoongeza uga. Jukwaa la dodoso humruhusu mtumiaji abuni fomu asubuhi, na mchana majibu yaanze kuingia. Lango linalopokea JSON upande huu na kutoa baiti upande wa pili hupewa aina mpya bila kuzimwa. Anayesoma data iliyohifadhiwa miaka sita iliyopita huenda hana hata .proto za wakati huo. Kwa wote hao aina lazima iundwe programu ikiwa kazini, na hapo ndipo wengi hukimbilia Python na ndugu zake, lugha za skripti ambazo kwao klasi ni kitu unachoweza kukitengeneza wakati wowote.

Kwa upande wa ufundi, kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosifiwa. Kwenye Python, type ikipewa hoja tatu, yaani jina, klasi mama na kamusi ya sifa, inarudisha klasi mpya kabisa. Maktaba sanifu ya lugha imekuwa ikiutumia uwezo wa namna hii kwa miaka: namedtuple imekuwepo tangu toleo 2.6, make_dataclass tangu 3.7. Protocol Buffers zinaongeza hila moja nzuri sana. Faili la .proto lenyewe linaweza kuelezwa kama ujumbe wa Protocol Buffers, wa aina iitwayo FileDescriptorProto. Unaujaza ujumbe huo kwa msimbo: jina la faili, jina la aina unayoitaka, kisha kila uga na jina lake, namba yake, aina ya thamani yake na kama unajirudia. Unaukabidhi kwa DescriptorPool, ambayo ni hifadhi ya maelezo yanayorejeana. Halafu unaiuliza hifadhi maelezo ya aina yako kwa jina kamili, unayapeleka kwa GetMessageClass, na klasi inarudi mikononi mwako ikiwa na uwezo wote wa kufungasha na kufungua. Protoc haikuitwa hata mara moja.

Wapo wanaoiona njia hii kuwa ya mkato, ya kutumiwa na wasiotaka kufuata utaratibu. Kwenye Python hukumu hiyo haina msingi. Fungua faili lolote la _pb2.py lililotolewa na protoc ya miaka ya karibuni. Hutakuta klasi zilizoandikwa uga kwa uga. Utakuta mfuatano mrefu wa baiti usiosomeka, ambao ni maelezo ya .proto yako yakiwa yamefungashwa, na chini yake mistari michache inayoyakabidhi kwa hifadhi na kuagiza klasi zijengwe. Klasi hizo huzaliwa pale faili linapoagizwa na programu, tena kwa mitambo ile ile. Ndiyo maana vihariri vya msimbo vilishindwa kwa muda mrefu kupendekeza majina ya nyuga, mpaka protoc ilipopewa uwezo wa kutoa pia faili za .pyi. Kwa hiyo kwenye Python klasi ya ujumbe daima huundwa programu inapoendeshwa. Kinachotofautiana ni chimbuko la yale maelezo: yamekuja na faili lililokaguliwa na kuwekwa kwenye hazina ya msimbo, au yameokotwa kwingine.

Mwezi Mei 2022 ulionyesha jambo hili kwa namna ya kuudhi. Toleo 4.21 la maktaba ya Python lilihamia kwenye injini mpya iitwayo upb, iliyoandikwa kwa C. Faili za _pb2.py zilizotolewa na protoc za kabla ya 3.19 zilikuwa zikiyajenga maelezo kwa kuita wajenzi wake moja kwa moja, na injini mpya ikakataa. Miradi mingi, ikiwemo iliyotegemea TensorFlow, iligoma kuanza bila mtu kugusa mstari wowote wa msimbo wake. Tiba za haraka zilikuwa kurudi kwenye 3.20, au kuilazimisha maktaba itumie injini iliyoandikwa kwa Python tupu, ambayo ni ya polepole mno. Waliokuwa wakijenga aina zao kwa kuikabidhi hifadhi FileDescriptorProto hawakuguswa na katazo hilo. Safari hiyo wa “njia ya mkato” ndio waliolala salama.

Basi kama kuunda klasi ni rahisi na ni jambo la kawaida, ugumu uko wapi? Uko kwenye namba.

Maktaba ya Python ya Protocol Buffers ilikuja na moduli ndogo iitwayo proto_builder, na ndani yake funksheni moja yenye kuvutia, MakeSimpleProtoClass. Unaipa kamusi ya majina ya nyuga na aina zake, basi, inakurudishia klasi. Namba inazipanga yenyewe. Kwa kamusi ya kawaida, inayapanga majina kialfabeti kisha inahesabu kuanzia 1. Jina la ujumbe usipolitaja, inalitengeneza kutokana na muhtasari wa SHA-1 wa nyuga hizo. Kwa majaribio ya haraka ni zana tamu, na ndiyo inayomjia kichwani mtu anayetaka kugeuza fomu ya mtumiaji au safu za jedwali kuwa aina ya ujumbe.

Sasa tuifuatilie. Kituo cha hali ya hewa kinatuma nyuga mbili: joto, ambayo ni double, na kituo, ambayo ni maandishi. Kialfabeti, joto inapata namba 1 na kituo namba 2. Jumbe zinafungashwa, zinahifadhiwa, maisha yanaendelea. Baada ya miezi kadhaa mtu anaongeza uga wa betri, nao ni double. Alfabeti inafanya kazi yake bila kumuuliza mtu: betri inakuwa 1, joto 2, kituo 3. Chukua ujumbe wa zamani wenye joto la 27.4 uufungue kwa klasi mpya. Uga namba 1 una double, na klasi inatarajia double; kwa hiyo betri inasomeka 27.4. Uga namba 2 una maandishi mahali ambapo klasi inatarajia double, hivyo unawekwa kando miongoni mwa nyuga zisizojulikana. Ukiuliza joto unajibiwa sifuri. Ukiuliza kituo unapewa maandishi matupu. Hakuna hitilafu iliyotangazwa, hakuna onyo. Jedwali linaonyesha kwamba betri iko kwenye 27.4 na nje kuna baridi ya kugandisha maji, hata kama kituo chenyewe kipo Tanga.

Kosa hilo si la Python, wala si la anayeunda aina programu ikiwa kazini. Ni la kuziacha namba zitokane na kitu kinachobadilika. Mkataba mzima wa Protocol Buffers umesimama juu ya ahadi kwamba namba ikishatolewa haihamishwi wala haitumiwi tena kwa kitu kingine; ndiyo maana lugha ya .proto ina neno maalumu la kuzifungia namba zilizostaafu. Mwandishi wa .proto huitunza ahadi hiyo kwa macho yake na ya wenzake wanaokagua mabadiliko. Aina inayoundwa kiotomatiki haina mtu wa kuitunzia ahadi isipokuwa umemweka. Kwenye jukwaa la dodoso, mtunzaji huyo anaweza kuwa jedwali moja kwenye hifadhidata: kitambulisho cha fomu, jina la uga, namba, tarehe ya kustaafu. Uga mpya hupata namba inayofuata ile kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa, hata kama mwenye namba hiyo amefutwa. Nafasi ipo tele, maana namba zinafika 536,870,911, ukiruka 19000 hadi 19999 ambazo mfumo umejiwekea. Kitu pekee cha kubania ni 1 hadi 15, kwa sababu hizo ndizo ambazo alama ya uga hutoshea kwenye baiti moja.

Mifumo mingine imelijibu swali la mtunzaji kwa njia tofauti, na jibu ninalolipenda zaidi ni la Avro, mradi ulioanzishwa na Doug Cutting mwaka 2009 katika familia ya Hadoop. Data ya Avro haina hata namba za nyuga. Thamani zimepangwa moja baada ya nyingine, na bila skima, yaani maelezo ya muundo wa data, huwezi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Unaweza kuuita udhaifu huo, lakini umezaa nidhamu: faili la Avro hubeba skima yake kichwani, ikiwa imeandikwa kwa JSON, na msomaji huilinganisha skima ya mwandishi na ya kwake kwa kutumia majina. Hakuna hatua ya kutoa msimbo inayolazimishwa. Python inasoma skima, inasoma data, inarudisha kamusi. Kwa ujumbe mmoja mmoja usio ndani ya faili, Avro ina utaratibu wa kutanguliza baiti mbili za utambulisho na baiti nane za alama ya skima, na msomaji akaitafute skima yenyewe kwingine. Rejista ya skima ya Confluent, inayotumika sana na Kafka, hufanya jambo linalofanana: baiti ya sifuri, kisha baiti nne za kitambulisho cha skima, ndipo mzigo. Hapo usalama wa data yako umehamia kwenye rejista. Ikipotea bila nakala, umebaki na mzigo usiofunguka.

Wenye roboti walilitatua mapema kwa namna isiyo na mbwembwe. Katika toleo la kwanza la ROS, mfumo wa programu za roboti, faili la bag linalorekodi jumbe za vihisi huhifadhi pia maandishi kamili ya maelezo ya kila aina ya ujumbe. Moduli ya genpy inayachukua maandishi hayo, inatunga msimbo wa Python, inauandika kwenye saraka ya muda, inauagiza kama moduli, na kuufuta programu inapomaliza. Mtaalamu wa vipimo aliyepo maabara nyingine anaweza kulifungua faili hilo bila kuwa na kifurushi kilicholeta aina hizo. Wakati wa mawasiliano ya moja kwa moja, pande mbili hulinganisha alama ya MD5 ya maelezo, na zikitofautiana muunganisho unakataliwa. Ni ukali kupita kiasi, kwa sababu hata kuongeza uga mmoja kunavunja mawasiliano, lakini kosa la betri na joto lisingepenya hapo.

Huduma za gRPC, mfumo wa huduma kuitana kwa jumbe za Protocol Buffers, zina njia ya nne: seva inaulizwa ijieleze, nayo inarudisha FileDescriptorProto zake. Kwa zana za kuchunguza huduma iliyo hai hakuna kinachoishinda. Kwa data iliyolala, itumie kwa tahadhari. Seva inakueleza aina kama zilivyo leo. Ujumbe uliouhifadhi uliandikwa kwa maelezo ya siku nyingine.

Ukishapata mtunzaji wa namba, yanabaki matatizo ya mashine, nayo hujitokeza kwa sura za ajabu. La kwanza ni hifadhi yenyewe. Ukiingiza maelezo mawili tofauti yenye jina moja la faili, ya pili yanakataliwa, na aina ikishaingia kwenye DescriptorPool haitolewi. Seva inayofanya kazi wiki nzima na kuunda aina kwa kila mteja itakula kumbukumbu hadi izimwe. Dawa ni kila mteja, au kila toleo la maelezo, kuwa na hifadhi yake, na kuzitunza klasi kwa kuzitambua kwa muhtasari wa maelezo, si kuziunda upya kwa kila ujumbe. Hifadhi ikiachwa pamoja na klasi zake zote, kumbukumbu inarudi.

Lakini hifadhi nyingi nazo zina fitina yake. Tuseme aina yako inatumia Timestamp ya Google. Inabidi maelezo ya Timestamp yaingizwe pia kwenye hifadhi yako, tena kabla ya aina inayoitegemea. Klasi ya Timestamp inayotoka humo si ile iliyopo kwenye hifadhi ya kawaida. Ukijaribu kunakili moja kwenda kwenye nyingine, Python inakuambia ilitarajia google.protobuf.Timestamp ikapewa google.protobuf.Timestamp. Majina ni mamoja, klasi ni mbili. Ukiuona ujumbe huo usitafute kosa la tahajia; vusha thamani kwa kuifungasha upande mmoja na kuifungua upande wa pili.

Tatizo jingine ni pickle, njia ya Python ya kuhamisha vitu kati ya michakato. Pickle haibebi klasi. Inabeba jina la moduli na jina la klasi, ikitumaini upande wa pili utaviagiza. Klasi iliyozaliwa dakika tano zilizopita haipo kwenye moduli yoyote. Kwenye Linux tatizo lilijificha kwa muda mrefu kwa sababu mchakato mtoto ulirithi kumbukumbu ya mzazi, ila Windows na Mac hazina upole huo, na kuanzia Python 3.14 hata Linux imeacha desturi hiyo kuwa chaguo la kawaida. Tuma baiti za ujumbe pamoja na baiti za maelezo, na mtoto ajijengee klasi.

Halafu kuna usalama, ambao ni wa kutazamwa kwa jicho kali zaidi kadiri njia ya kuunda klasi inavyotegemea maandishi. Kukabidhi FileDescriptorProto kwa hifadhi hakutekelezi msimbo wa mtu. Kutunga msimbo wa Python kwa maandishi kisha kuutekeleza, kama ifanyavyo genpy, ni jambo jingine: jina la uga lililotoka kwa mtu usiyemjua likipita bila kukaguliwa, umemfungulia mlango. Namedtuple hukagua kwamba kila jina ni kitambulisho halali kabla ya kuendelea. Upande wa JavaScript, protobuf.js husoma .proto programu ikiwa kazini na kutunga funksheni za kufungasha papo hapo; kwa seva za Node ni desturi ya kila siku, ila kwenye kivinjari chenye sera inayokataza msimbo wa kutungwa hivyo itakubidi urudi kwenye msimbo uliotolewa mapema.

Atakayeuliza kwa nini usumbufu wote huu wakati JSON ipo ana hoja. JSON hubeba majina ndani ya kila ujumbe, na CBOR, iliyowekwa rasmi mwaka 2013, inaweza kufanya hivyo kwa baiti. Kwa dodoso la watu elfu kumi sioni sababu ya kitu kingine. Nguvu ya Protocol Buffers huonekana pale jumbe zinapokuwa nyingi mno, au pale mfumo wa upande wa pili unapodai baiti hizo na hutaki kumlazimisha kila mtu kuendesha protoc. Nje ya hapo, kuunda aina za ujumbe papo hapo ni ufundi unaotafuta kazi.

Hukumu yangu basi ina pande mbili. Kwa wasomaji wa data, yaani zana za kuchungulia, malango, vichunguzi na wahifadhi wa nyaraka, aina iundwe programu ikiwa kazini bila hofu, mradi maelezo yametoka kwa aliyeandika data. Kwa waandishi wa data, aina isiundwe hivyo mpaka mahali pa kudumu pa kutunza namba pawe pamejulikana. Kama tayari una faili za data zilizoandikwa kwa aina za namna hii, endesha protoc kwa --descriptor_set_out na --include_imports, au fungasha FileDescriptorProto ulizozijenga mwenyewe, uziweke kwenye saraka ile ile ya data. Fanya hivyo kabla hujaongeza uga mwingine hata mmoja.